Grama yangu sio mbaya ila mwalimu anasema paragrafu zangu hazina mpangilio, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22 naishi Igoma hapa hapa Mwanza, nasoma diploma mwaka wa kwanza. Kiingereza naongea kiasi na grama sio mbaya ila kila nikiandika insha inarudi na peni nyekundu, No organization. Nimejaribu kuongeza moreover na however lakini wapi. Nakutumia paragrafu moja niliyoandika wiki iliyopita kuhusu uvuvi, naomba uniambie tatizo liko wapi na nifanye nini. Asante.

"Fishing is very important in Mwanza. There are many fish such as Nile perch, tilapia and dagaa. My uncle is a fisherman and he lives in Ukerewe. Ukerewe is the biggest island in Lake Victoria. Also the price of fuel is high. Women dry dagaa on the sand and when it rains they lose money. Moreover the government should help. Also many tourists visit Mwanza because of the rocks. In conclusion fishing is very important."

JIBU: Marahaba binti yangu, na asante sana kwa kuituma paragrafu kama ilivyo bila kuisafisha kwanza, maana wengi wanaoniuliza wanasema tu "sijui kuandika" alafu hawanionyeshi kitu, sasa mtu utamtibu vipi na hujamuona.

Nianze na jambo ambalo yale maneno mawili mekundu hayajakwambia. Kiingereza chako kiko vizuri. Nimeisoma mara tatu, tensi ziko sawa, spelingi ziko sawa, hakuna sentensi hata moja ambayo ukiisoma peke yake haieleweki. Tatizo lako liko nyuma ya Kiingereza, kabla hujashika peni. Ulipokaa kuandika ulikuwa na mada, uvuvi, ila ulikuwa hujaamua unataka kusema nini kuhusu uvuvi, kwa hiyo ukawa unakumbuka vitu kimoja baada ya kingine na kila kilichopita kichwani ukakiandika. Mada na hoja ni vitu viwili, na hapa ndo watoto wetu wengi wanakwama na hakuna anayewaambia, wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakifika Form One kila somo linageuka Kiingereza, mwalimu ana darasa limejaa, anakimbizana na misamiati na tensi ili watoto waelewe tu kinachoendelea, sasa huo muda wa kukaa chini kufundisha jinsi wazo linavyojengwa anautoa wapi. Mtoto anamaliza Form Four ana sentensi nzuri ila hana paragrafu.

Uvuvi ni mada. Ukimwambia mtu "uvuvi" hawezi kukubishia wala kukukubalia, atakuangalia tu anasubiri uendelee. Ukimwambia "mvua inawatia hasara kina mama wanaoanika dagaa mchangani" hapo ana cha kuuliza, kivipi, kwa nini, hasara ya kiasi gani. Hiyo ni hoja. Na ona sentensi yako ya kwanza, "Fishing is very important in Mwanza", inafanana na hoja ila haina kazi, nani Mwanza hii atakataa? Ukishasema kitu ambacho hakuna anayekikataa unabaki huna cha kuthibitisha, ndo maana sentensi ya pili ukaanza kuhesabu aina za samaki.

Hebu tuhesabu pamoja. Sentensi ziko 9. Ya kwanza uvuvi ni muhimu. Ya pili aina za samaki. Ya tatu mjomba. Ya nne Ukerewe ndo kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, ni kweli kabisa, ila imekuja kufanya nini pale? Imekuja kwa sababu ulimtaja mjomba, na mjomba yuko Ukerewe, basi mawazo yakapanda kivuko yakaenda huko. Ya tano bei ya mafuta. Ya sita kina mama na dagaa. Ya saba serikali isaidie, ila imsaidie nani na kwa lipi hujasema. Ya nane watalii na mawe. Ya tisa uvuvi ni muhimu, yaani tumerudi pale pale tulipoondokea. Vitu vinane tofauti, na hakuna hata kimoja ambacho msomaji ameelezwa kikaisha.

Nikusimulie kitu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na darasa la jioni la watu wazima, tulikuwa tunakaa nje upande wa Kirumba, karibu na maji. Nilikuwa nachukua paragrafu ya mwanafunzi mmoja kwa ruhusa yake, naiandika kwa herufi kubwa, nakata kwa mkasi kila sentensi ikae kwenye kikaratasi chake, alafu tunazipanga mezani wote tukiwa tumezunguka, na juu ya kila kikaratasi tunaweka kokoto maana upepo wa ziwa ungebeba zote. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kiingereza chake kilikuwa cha chini kuliko wote darasani. Siku hiyo mezani tulikuwa na paragrafu ya kijana kuhusu faida za simu kwenye biashara, na katikati kulikuwa na sentensi inaeleza simu ya kwanza ya kaka yake ilikuwa ya rangi gani. Watu wanabishana, mmoja anataka ipande juu, mwingine anataka ishuke mwisho. Yule mama alikaa kimya muda mrefu, alafu akanyoosha mkono akatoa kokoto, akachukua kile kikaratasi akakiweka kule pembeni peke yake. Akasema, "Hii ni furu."

Kwa ambaye hajakaa mwaloni, furu ni wale samaki wadogo wanaoingia kwenye wavu pamoja na dagaa. Sio samaki wabaya, watu wanawala na ni watamu tu. Ila mtu amekuja kununua dagaa, akifungua gunia akakuta furu kibao anakwambia mzigo wako umechanganyika, anaanza kuteremsha bei. Kwa hiyo kabla hujafunga gunia unakaa chini unachambua. Tangu siku ile darasa zima likawa linasema hivyo, mtu anasoma ya mwenzake anagonga kidole mezani, furu hii hapa. Na mimi nimefundisha kwa vitabu vingi vyenye maelezo marefu kuhusu umoja wa paragrafu, ila hakuna kilichowahi kuingia kwa watu haraka kama lile neno la yule mama.

Kinachofanya furu wawe wagumu kuwaona kwenye maandishi yako mwenyewe ni kwamba sio waongo na grama yao iko sawa. Sentensi ya Ukerewe ni ya kweli. Ya watalii ni ya kweli. Na kila moja ina kamba inayoiunganisha na jirani yake, samaki, mvuvi, mjomba, nyumbani kwa mjomba, kisiwa, kwa hiyo wakati unaandika unahisi unaenda vizuri tu. Ila swali sio kama sentensi inahusiana na iliyo kabla yake. Swali ni kama inaibeba hoja ya paragrafu nzima. Kama huna hoja huwezi kumjua furu, maana hujui hata unanunua nini.

Sasa kwenye gunia lako kuna dagaa mzuri sana, sentensi ya sita. "Women dry dagaa on the sand and when it rains they lose money." Ndiyo pekee ina watu wanaofanya kitu, ina sababu, ina matokeo, na nina uhakika umeiona kwa macho yako na hukuitoa kwenye kitabu. Tuijenge hiyo, zingine tuziache kwanza.

Chukua karatasi, nusu ukurasa inatosha. Juu kabisa andika hoja yako kwa Kiswahili. Ndio, Kiswahili. Kuna walimu wanakataza hili kabisa, wanasema fikiri kwa Kiingereza, na mimi kwa miaka yangu yote nimeona linaumiza wanafunzi, maana mtu anaacha wazo zuri analolijua vizuri anaandika wazo dogo ambalo analo neno lake kwa Kiingereza. Mpango ni wa kwako, hakuna atakayeusahihisha, uandike kwa lugha ambayo akili yako iko huru. Ukimaliza hoja, jifanye ni mgeni ambaye hajawahi kuona ziwa, kaa chini na hoja yako uiulize maswali. Kwa nini mvua iwe tatizo, si samaki anatoka majini? Wakilowa inakuwaje? Si wauzwe tu hivyo hivyo? Kwani ni hela ya nani? Majibu yake ndo mpango wako. Wangu nilioandika jana usiku kwa ajili yako ulikuwa hivi.

Mvua ndo adui mkubwa wa kina mama wanaoanika dagaa mchangani.
Dagaa anataka jua kali la siku nzima, wanaanika asubuhi mapema.
Akinyeshewa kabla ya kukauka analainika, rangi inabadilika, ananuka.
Wa chakula hawamtaki, anauzwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku.
Hela aliyokopa kununulia ndoo za dagaa inapotea jioni moja.
Siku hizi wengine wanatumia vichanja.

Mistari sita, dakika kama saba. Alafu nikafanya kitu kimoja ambacho nakuomba ukizoee, nilijaribu kubadilisha mistari nafasi. Nikaweka wa nne juu ya wa tatu, haiwezekani, huwezi kusema wanunuzi wanakataa kabla hujasema amenuka. Nikaweka wa tano juu ya wa pili, haiwezekani pia. Hiyo inanionyesha kwamba mpangilio upo, kila mstari umesimama juu ya mwenzake. Sasa fanya hivyo hivyo kwenye paragrafu yako, chukua ya tano uweke ya nane, ya nane uweke ya tatu. Umeona? Hakuna kinachobadilika. Hapo ndo mwalimu wako aliposema No organization.

Mstari wa sita ulinipa shida kidogo. Vichanja ni kweli vipo, dagaa wanakauka juu bila kugusa mchanga na mawingu yakikusanyika unafunika haraka, na nilitaka sana kuuweka kwa sababu unaleta matumaini. Ila hoja yangu inasema mvua inatia hasara, na vichanja vinasema hasara inazuilika. Hiyo ni hoja nyingine. Nikaukata, nikauhifadhi uwe kichwa cha paragrafu ya pili. Kwa hiyo furu hatupwi, anawekwa kwenye ndoo yake, na mara nyingi insha nzima inapatikana humo kwenye ndoo ya furu.

Baada ya hapo ndo nikaandika Kiingereza, na hii hapa.

"Rain is the biggest enemy of the women who dry dagaa on the sand. The fish needs a full day of strong sun, so they spread it early in the morning and hope for a clear sky. If rain falls before the fish is dry, it becomes soft, changes colour and begins to smell. People who buy dagaa for food refuse it, and it has to be sold cheaply as chicken feed. One wet afternoon can therefore take away all the money that a woman borrowed to buy her buckets of fish."

Sentensi 5, maneno 92. Hakuna neno gumu hata moja humo, maneno yote unayo tayari. Nasisitiza hili kwa sababu wanafunzi wengi wakiambiwa waboreshe insha wanakimbilia kutafuta maneno makubwa, na maneno makubwa juu ya paragrafu isiyo na hoja yanazidi kuificha hoja ambayo haipo.

Angalizo moja kuhusu ule mpango wa Kiswahili. Panga kwa Kiswahili ila usitafsiri sentensi. Mpango uwe vipande vipande tu, maneno matano sita, makusudi, ili ukifika kwenye Kiingereza usikute sentensi nzima ya Kiswahili inakusubiri. Ukiwa nayo nzima utaivuta na mifupa yake, "mjomba wangu yeye ni mvuvi" inatoka "My uncle he is a fisherman", na zile koma zetu, Kiswahili tunaweza kuunga maneno kwa koma mstari baada ya mstari na msomaji anatufuata bila shida, kama mimi ninavyokuandikia hapa, ila Kiingereza cha darasani hakikubali, sentensi mbili kamili zinataka nukta katikati au neno la kuunganisha kama because, so, but. Ukiona koma, soma kushoto kwake na kulia kwake. Kama pande zote mbili zinaweza kusimama peke yake, weka nukta.

Sasa kwa nini hoja ikae mwanzo? Hili watu wengi wanalishika kama sheria bila kulielewa. Sisi kwa malezi yetu mtu akija kwako na jambo haanzi na jambo. Atabisha hodi, atasalimia, ataulizia watoto, mvua huko mmeipata, ndugu wa Sengerema hajambo, alafu ndo anakohoa kidogo anasema "sasa bwana nimekuja". Ni adabu na mimi naipenda, mtu akinifikia na jambo mkononi bila salamu naona kuna msiba. Kwa hiyo tukiandika nako tunafanya vivyo hivyo, tunazunguka, tunamuandaa msomaji, jambo lenyewe linakuja mwisho au katikati kama lako lilivyokaa ya sita. Paragrafu ya Kiingereza ya shule na ya ofisini ina adabu ya aina nyingine, msomaji anaambiwa kwanza anapelekwa wapi. Fikiria daladala, kibao mbele kimeandikwa Buhongwa. Abiria anapanda kwa sababu ya kibao. Dereva akifika njiani akakunja kuelekea Airport, abiria wote watapiga kelele hata kama Airport ni kuzuri. Sentensi ya kwanza ndo kibao, na zile zingine zote ziko barabara ya Buhongwa.

Na hii desturi sio ya tangu enzi na enzi. Neno lenyewe paragraph limetoka Kigiriki, kilikuwa ni kistari kilichochorwa pembeni ya maandishi kumuonyesha msomaji kwamba hapa mambo yanageuka. Huo utaratibu wa sentensi ya kwanza kutangaza hoja uliandikwa kama kanuni na Alexander Bain, profesa wa Aberdeen kule Scotland, mwaka 1866, na shule za Uingereza na Marekani zikaubeba mpaka leo. Usishangae basi ukifungua magazeti ya Kiingereza ukakuta hawaufuati. Mwaka 1974 Mmarekani mmoja anaitwa Richard Braddock alikaa akahesabu makala za waandishi wazoefu kwenye majarida ya kwao, akakuta ni kama asilimia 13 tu ya paragrafu ndo zilianza na sentensi kuu ya wazi. Sasa wanafunzi wakiisikia hii wanafurahi, wanasema basi kumbe sio lazima. Mimi nakwambia wewe endelea nayo. Yule mwandishi mzoefu ana msomaji ambaye amenunua jarida kwa hela yake na ana nafasi ya kumsubiri. Wewe msomaji wako ana rundo la karatasi usiku, amechoka, nimekuwa mtu huyo kwa miaka mingi najua. Karatasi inayomwambia mwanzoni inakoenda anaisoma kwa moyo mwepesi. Ukishaimudu hiyo kwa miaka miwili mitatu utajua mwenyewe wapi unaweza kuichelewesha hoja na isipotee.

Kuhusu moreover na however. Nimeona umeweka Also mara mbili, Moreover, In conclusion. Viunganishi havileti mpangilio, vinauonyesha tu ule uliopo, kwa hiyo kwenye sentensi ambazo hazihusiani vinakuwa vinadanganya. Ulipoandika "Moreover the government should help" ulimwambia msomaji naongeza sababu nyingine ya upande ule ule, akageuza shingo kuitafuta hiyo sababu ya kwanza, hakuna. However ni mkunjo, inasema tulikuwa tunaenda huku sasa tunageuka. Therefore inasema hiki kimezaliwa na kile. Rudi uangalie paragrafu yangu, kiunganishi kikubwa cha namna hiyo ni therefore moja tu, na imekaa mwishoni kwa sababu hasara imezaliwa kweli na yale yaliyotangulia. Zingine zimeshikana kwa njia ambayo huioni kirahisi, neno lililomalizia sentensi moja linaokotwa na inayofuata. Sentensi ya pili inaishia clear sky, ya tatu inaanza If rain falls. Ya tatu inaishia kwenye smell, ya nne inaanza na watu wanaokataa. Kinachojulikana kinatangulia, kipya kinafuata, alafu kile kipya kinakuwa ndo kinachojulikana cha sentensi inayokuja. Ukiweza hili viunganishi utavihitaji mara chache sana.

Na usiogope kurudia neno. Najua ulifundishwa kwamba kurudia ni umaskini wa lugha. Neno fish limerudi mara tatu pale juu na dagaa mara mbili na hakuna aliyekufa, ila ningeandika dagaa, alafu these small creatures, alafu the silver treasure of the lake, msomaji angedhani ni samaki watatu tofauti. Neno linalobeba hoja lirudie kwa amani.

Mazoezi. Hapa nakupa moja tu ila ni zito, na sio langu. Benjamin Franklin, yule wa Marekani aliyezaliwa Boston mwaka 1706, alitoka shule akiwa na miaka 10 hivi, na uandishi alijifundisha mwenyewe. Alisimulia mwenyewe alivyofanya. Alipata nakala za gazeti moja la London lililoandikwa vizuri, akawa anasoma makala, anaandika kwenye karatasi kidokezo kifupi cha kila sentensi, anaweka pembeni siku kadhaa mpaka asahau maneno yake, alafu anajaribu kuijenga upya kutoka kwenye vile vidokezo na kulinganisha na ya kwenye gazeti, anaona alipokosea anasahihisha. Na wakati mwingine alikuwa anavichanganya vidokezo vyote ovyo, anaviacha wiki kadhaa, alafu anavipanga upya yeye mwenyewe kabla ya kuandika, na alisema kabisa kwamba hiyo ilikuwa ni kujifunza kupanga mawazo. Ni dawa yako kabisa hiyo. Chukua paragrafu moja kutoka kitabu chochote cha Kiingereza unachotumia chuoni, sio hadithi, kitabu cha somo. Kila sentensi iandikie kidokezo cha Kiswahili cha maneno matatu manne kwenye kikaratasi chake. Changanya, tia kwenye bahasha, tupa kwenye begi. Jumapili fungua, panga mezani bila kuangalia kitabu, andika, alafu fungua kitabu ulinganishe. Ukiona umepanga tofauti na mwandishi usikimbilie kusema umekosea, kaa ujiulize yeye alikuwa na sababu gani na wewe ulikuwa na sababu gani. Paragrafu moja kwa wiki, ukifika paragrafu ya kumi utaanza kuona mpangilio hata kwenye vitu unavyosoma kwenye simu.

Na kabla hujakabidhi insha yoyote fanya hili dogo, kama una haraka dakika tano zinatosha. Pembeni ya kila paragrafu andika kwa penseli maneno manne ya Kiswahili inasema nini. Ukiona maneno manne hayatoshi kuna paragrafu mbili zimelala kitanda kimoja. Ukiona huna cha kuandika haina hoja. Alafu soma sentensi za kwanza tu, juu mpaka chini, kwa sauti. Kama mtu aliyekaa karibu akizisikia anaweza kukwambia insha inahusu nini, kabidhi. Kwenye chumba cha mtihani penseli hutakuwa na muda nayo, kwa hiyo hapo mpango ndo usiuache, kama umepewa dakika 40, dakika nane ziende kwenye mpango, utaona wenzako wanaandika kwa kasi na moyo utakudunda, waache.

Sasa kazi yako. Sentensi yako ya tano, "the price of fuel is high", hiyo nayo ina paragrafu ndani yake ila bado haina nyama, iko kama kichwa cha habari, na mtu mwenye hiyo nyama unaye. Mpigie mjomba wako Ukerewe. Muulize injini yake inakula lita ngapi akitoka usiku mmoja, muulize mwaka jana alikuwa analipa shilingi ngapi na sasa analipa ngapi, muulize usiku ambao hajapata samaki wa kutosha hela ya mafuta anaitoa wapi. Andika majibu yake kwa Kiswahili kwenye nusu ukurasa, hoja ikae juu. Usiniandikie paragrafu bado, nitumie huo mpango kwanza, na kando ya kila mstari uandike kwa nini umekaa hapo na sio juu ya mwenzake.